Sio Kila "Depressed" Ni Depressed: Mastaa Wanalichosha Neno, Mtaani Wanalipa Gharama

Kila anayeshinda Insta anamjua huyu staa, na jina linabaki kapuni kwa sababu wako wengi. Jumatatu usiku anaposti picha nyeusi tii, chini yake neno moja la Kiingereza: "Depressed". Ndani ya dakika kumi komenti zimejaa. Huyu anaandika "pole dada angu", yule anaweka moyo uliopasuka, wa tatu anamaliza kazi: "Kiki hiyo, subirini ngoma." Na kweli, Jumatano ngoma inatoka. Ijumaa staa yuko laivu anatangaza mafuta ya kulainisha ngozi, anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana.

Mtu anaweza kusema hapo hakuna aliyeumia. Staa kauza ngoma, mashabiki wamepata cha kuongea, maisha yanaendelea. Shida ni kwamba neno lile halibaki kwenye ukurasa wa staa. Linasafiri. Linashuka barabara ya kusini zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar mpaka Magomeni, na hapa inazungumzwa Magomeni ya Mtwara, sio ile ya Mapipa na Usalama. Likifika huko linakaa kwenye stetasi ya binti wa saluni, ya kijana wa bodaboda, ya mwanachuo anayesubiri bumu. Kila mmoja yuko "depressed". Bando limeisha, depressed. Timu imefungwa, depressed. Mpenzi kasoma meseji na hajajibu, depressed.

Sasa katikati yao yumo mmoja ambaye wiki ya tatu hii halali, chakula hakishuki, na asubuhi haoni sababu ya kuamka. Naye kaandika neno lile lile, kwa herufi zile zile. Nani atamtofautisha na wa bando?

Hiyo ndo ishu yenyewe. Huu sio ugomvi wa walimu wa lugha na vijana wa mjini. Ni suala la nani anasikika akiita msaada na nani anachekwa.

Waingereza wenyewe wana ngazi

Mtandaoni watu wanayachukulia "sad", "upset", "heartbroken", "devastated" na "depressed" kama fulana za rangi tofauti, mtu anavaa inayomkaa siku hiyo. Sivyo. Kila neno lina uzito wake na mahali pake, na Mwingereza akisikia moja anajua aje na maji ya kunywa au aje na daktari.

"Sad" ndo la kila siku. Mtoto kaangusha aiskrimu, "sad". Rafiki anahama mji, "sad". Ni mwavuli, kila huzuni inaingia chini yake, na ndio maana halimshtui mtu. Kinachofurahisha ni lilikotoka. Kwenye Kiingereza cha kale lilimaanisha mtu aliyeshiba, aliyejaa mpaka basi. Kutoka kushiba likahamia kwenye kuchoshwa, likaenda kwenye uzito, mwisho likatua kwenye huzuni. Mswahili analielewa hilo bila kufundishwa, maana naye husema "moyo umejaa", au "yamenifika hapa" huku akionyesha shingo.

"Upset" ni kitu kingine. Hapo huzuni imechanganyika na hasira au mshtuko, na kuna jambo limetokea sasa hivi. Neno hilo hilo hutumika kwa chombo kilichopinduka majini, na pia kwa timu ndogo iliyompindua kigogo. Mashabiki waliokuwa wanajaa Nangwanda Sijaona enzi za Ndanda kuwa Ligi Kuu walikuwa wanaomba "upset" kila kigogo alipotua kutoka Dar. Kwa hiyo mtu aliye "upset" ni kama mtumbwi uliogeuzwa na wimbi. Bado haujazama, ila umepinduka. Kijana wa leo anayesema "nimevurugwa" yuko karibu kabisa na hapo.

"Disappointed" linahitaji matarajio. Ulitegemea, hukupata. Mkulima wa korosho aliyeenda mnadani akijua bei itapanda, akakuta imeshuka, huyo hajafiwa, hajaachwa na haumwi. Kavunjika moyo. Na hapo kuna mtego unaowanasa wengi. Kiswahili kikisema "kavunjika moyo" kinamaanisha mtu aliyepoteza matumaini au hamu ya jambo. Kiingereza kikisema "heartbroken", ambalo ukilitafsiri neno kwa neno unapata moyo uliovunjika, kinamaanisha aliyeachwa na mpenzi au aliyefiwa na mtu wa karibu. Mkulima akiitafsiri hali yake kwa programu ya simu, Mzungu anayesoma anaweza kudhani korosho imemwacha na kwenda kuishi na mwanaume mwingine.

Mtaani Kiswahili cha "heartbroken" kipo na kina vionjo vyake. Kuna kutendwa, ambako mwenzio kakufanyia ubaya. Kuna kupigwa chini, ambako uhusiano umekatwa mchana kweupe. Kuna kuachwa kwenye mataa, ambako ulikuwa bado unasubiri huku mwenzio keshavuka barabara. Hayo matatu sio maumivu ya aina moja, na aliyepitia anaweza kusema lipi lilimpata.

"Miserable" ni hali mbaya ya roho na mwili kwa pamoja. Mtu aliyenyeshewa, ana njaa, mafua yamembana na simu imezima, huyo ni "miserable". Kiswahili kingesema yuko taabani. "Gloomy" ni wingu, kwenye anga au usoni kwa mtu. "Melancholy" lina historia yake. Lilitoka kwa madaktari wa Ugiriki ya kale walioamini kwamba huzuni isiyo na sababu inaletwa na nyongo nyeusi mwilini, na hiyo ndo maana halisi ya neno. Leo ni huzuni ya taratibu, yenye hata utamu fulani ndani yake, ya mtu aliyekaa ufukweni Shangani jioni anaangalia maji yanavyokupwa na hataki kusemeshwa. Huyo haumwi. Mwache amalize.

"Devastated" ni zito kweli kweli. Mzizi wake wa Kilatini unazungumzia nchi iliyoteketezwa ikabaki tupu, na mpaka leo ndilo neno la miji iliyopigwa na tetemeko au vita. Mtu aliye "devastated" hana kilichobaki kimesimama ndani yake. Ukikumbuka hilo ndo unaelewa kwa nini inachekesha staa akiandika kwamba yuko "devastated" kwa sababu kucha ya bandia imekatika siku ya kushuti video.

Na sasa "depressed". Asili yake ni Kilatini pia, na maana yake ni kushindiliwa chini. Kwenye maongezi ya kawaida Waingereza nao wanalitumia ovyo, siku mbaya tu mtu anasema yuko "depressed". Ila ndani ya chumba cha daktari linabadilika. Hapo sio hisia tena, ni ugonjwa wenye dalili zinazohesabika na muda unaopimwa. Neno moja, kazi mbili. Mastaa wamechukua ile ya kwanza, na wenye ile ya pili wamebaki hawana pa kuandika.

Na Kiswahili je?

Kuna dhana inazunguka mjini kwamba Kiswahili ni maskini wa hisia, kwamba kina "furaha", "huzuni" na "hasira", basi, ukitaka zaidi nenda kwa Malkia. Anayesema hivyo hajakaa msibani na wazee wa Pwani.

"Huzuni" ndo mwavuli, sawa na "sad". Chini yake wanakaa wengi. "Masikitiko" ni huzuni juu ya jambo ambalo mtu angetamani lisingetokea, ndio maana linapendwa kwenye barua na matangazo rasmi. "Majonzi" ni ya msiba, yana machozi na watu waliokaa kwenye mkeka. "Simanzi" ni nzito na kimya, haimkai mtu mmoja tu, inatanda juu ya mtaa mzima kama ukungu. Magazeti yanalijua hilo, ndio maana ajali ikitokea mara nyingi wanaandika simanzi imetanda.

"Jitimai" ni huzuni kubwa iliyokaa ndani muda mrefu. Vijana wengi wamewahi kukutana nalo kwenye ushairi wa shule tu. "Kihoro" ni ile ya kupotelewa ghafla, huzuni na hofu vimefungwa kamba moja, na wazee husema fulani kafa kwa kihoro wakimaanisha kabisa kwamba kilichomuua ni hicho. "Unyonge" unaonekana mabegani kabla haujasikika mdomoni. Mtu amekaa kinyonge, na aliye mbali anaona.

Halafu lipo "ukiwa". Hili linashangaza, kwa sababu linafanya kazi ile ile ya "devastated" bila kuwa limetafsiriwa kutoka popote. Ukiwa ni hali ya mtu aliyeondokewa na watu wake akabaki peke yake, na ukiwa pia ni mahali palipohamwa pakabaki magofu. Moyo na nyumba iliyoachwa, neno moja. Anayetaka kusema kwamba amefiwa na mama na dunia imebaki tupu hana haja ya kuvuka bahari kutafuta neno.

Mwisho kuna "sonona". Kitenzi chake ni cha zamani, mtu anasononeka, anaumia ndani kwa ndani bila kupiga kelele. Wataalamu wa afya ya akili wa Tanzania wamelichukua neno hilo na kulipa kazi ya hospitalini. Sonona ndo ile "depression" ya daktari. Na kwa kuwa mastaa hawajaligusa, bado lina uzito wake wote. Mtu akisema "nina sonona" hakuna anayesubiri ngoma itoke Jumatano.

Kwa nini sasa watu wanakimbilia Kiingereza?

Jibu rahisi ni kwamba wanajifanya. Ni jibu la wavivu. Wapo wanaojifanya, ndio, lakini wengi wana sababu ya maana.

Kiingereza kinafunika. Kijana wa kiume aliyekuzwa akiambiwa mwanaume halii hawezi kusimama kijiweni akasema "ndugu zangu, nina majonzi". Watamcheka mpaka kesho kutwa. Akisema "niko depressed, mwanangu", limetoka, na bado heshima yake iko palepale. Lugha ya kigeni ni kama miwani ya jua, mtu analia ndani na nje anaonekana yuko fresh. Binti naye akisema "nina huzuni" anaonekana anasoma shairi la darasa la sita, ila "I'm so down" ni ya kisasa, inakaa vizuri juu ya picha.

Na sifa ziende panapostahili. Kabla ya hilo neno kuingia mjini, wengi walikuwa hawasemi kabisa. Walikuwa wanaambiwa wamerogwa, au wavivu, au imani imepungua. Neno la Kiingereza limefungua mlango ambao ulikuwa umefungwa kwa makufuli. Anayetaka lipigwe marufuku anataka kuufunga tena, na hiyo sio dawa.

Ila mfuniko una hasara yake. Unawaficha wagonjwa hata kwa watu ambao wangewasaidia. Chukua nyumba yoyote ya Magomeni jioni. Mama anagonga mlango wa chumba.

"Mwanangu, mbona umejifungia tangu asubuhi?"

"Mama, niko depressed."

"Ndo nini hiyo?"

"Basi tu mama, huwezi kuelewa."

Mazungumzo yameishia hapo. Mama karudi jikoni akidhani ni mambo ya simu, mtoto kabaki ndani akidhani hapendwi. Hakuna mwenye roho mbaya kati yao, neno tu halikufika. Sasa kijana yule yule aseme hivi: "Mama, moyo unasononeka. Wiki ya tatu hii silali, na chakula hakishuki." Mama wa Magomeni hahitaji kamusi hapo. Ataketi kitandani. Atamwita mjomba. Pengine ataanza na dua, na hakuna ubaya, ila akipata mtu wa kumshauri vizuri atamshika mkono mpaka Hospitali ya Ligula. Kilichobadilika ni maneno tu, ugonjwa ni ule ule.

Mtwara inajua maana ya kupima kabla ya kutaja

Watu wa pwani hii wana mfano wao hawahitaji kuazima. Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba Kimbunga Kenneth kinakuja, na Mtwara ilikuwa kwenye njia yake. Watu waliambiwa waondoke karibu na bahari, na tangazo lilichukuliwa kwa uzito. Tarehe 25 mwezi huo Kenneth akapiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, kwa upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Mtwara ikapona, jirani wa kusini akaumia.

Sasa kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui. Kimbunga hakizaliwi kimbunga. Kinaanza kama mgandamizo mdogo wa hewa baharini, na hicho kitu kwa Kiingereza kinaitwa "depression", neno lile lile la staa wa Jumatatu usiku. Kwenye upande huu wa Bahari ya Hindi, mfumo haupewi jina mpaka upepo wake ufike kilomita 63 kwa saa. Ukifika 118 ndo unaitwa kimbunga. Chini ya hapo una jina lingine na tahadhari nyingine. Wavuvi nao tangu zamani hawaiti kila upepo kwa jina moja. Kuna kusi, kuna kaskazi, kuna matlai, na kila mmoja una msimu wake na namna yake ya kukabiliwa.

Hebu fikiria mamlaka ingekuwa inatangaza kimbunga kila upepo unapopeperusha kanga kwenye kamba. Wiki ya kwanza watu wangekimbia. Wiki ya pili wangetembea. Wiki ya tatu wangekaa wakaendelea kunywa kahawa, na Kenneth mwenyewe angewakuta hapo hapo, vikombe mkononi.

Ndicho kinachotokea na "depressed". Kila upepo umepewa jina la kimbunga. Mashabiki wamezoea, wanakunywa kahawa.

Kipimo kipo, na hakihitaji digrii

Shirika la Afya Duniani linasema sonona inatofautiana na huzuni ya kawaida, na linatoa kipimo ambacho hata mtu wa kijiweni anakielewa. Hali ya huzuni, au kupoteza raha na hamu ya mambo uliyokuwa unayapenda, inadumu sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Juu yake zinakuja dalili nyingine: usingizi kuharibika, hamu ya kula kubadilika, nguvu kuisha, akili kushindwa kutulia, mtu kujiona hana thamani au kujilaumu kupita kiasi, kuona kesho haina kitu, na kwa wengine mawazo ya kufa. Shirika hilo hilo limekadiria kwamba zaidi ya watu milioni 280 duniani wanaishi na hali hiyo. Wengi wao hawajawahi kukanyaga London wala kuongea Kiingereza, kwa hiyo ile hadithi ya kwamba sonona ni ugonjwa wa Wazungu haina miguu.

Na inatibika. Kuna matibabu ya mazungumzo na mtaalamu, kuna dawa, kuna vyote kwa pamoja. Kinachowakwamisha watu wengi ni aibu. Hospitali ya Mirembe ya Dodoma inatibu wagonjwa tangu 1927, lakini mjini jina lake limegeuzwa tusi, mtu akikosea kidogo anaambiwa apelekwe Mirembe. Hakuna anayemwambia mwenye malaria akatibiwe kwa kejeli. Utani huo nao ni sehemu ya tatizo hili la maneno. Upande mmoja neno la ugonjwa limegeuzwa urembo wa kapsheni, upande wa pili jina la hospitali limegeuzwa kichekesho. Mgonjwa amebanwa katikati.

Mastaa na mashabiki, kila mtu na lake

Mastaa kwanza. Hakuna anayesema wafurahi saa zote. Nao ni watu, wanaachwa, wanaibiwa na mameneja, wanatukanwa na watu wasiowajua, na wapo kati yao wanaoumwa kweli. Ndio hao wanaoumizwa zaidi na wenzao wa kiki. Msanii mwenye sonona ya kweli akiandika leo, komenti ya kwanza inamsubiri: "Ngoma inatoka lini?" Kauchukua ujasiri wote aliokuwa nao, kaandika, na jibu ndo hilo. Wenzake ndio waliowafundisha mashabiki kujibu hivyo.

Kwa hiyo staa aliyeachwa aandike kaachwa. Aliyekosa tuzo aandike imemuuma. Aliyechoka aandike kachoka, mashabiki watamwelewa na wengine watampenda zaidi, kwa sababu kila mtu amewahi kuchoka. Neno la ugonjwa alibakize kwa siku ya ugonjwa. Na mwenye ngoma mpya aseme ana ngoma mpya, hakuna dhambi kwenye kutangaza biashara.

Mashabiki nao wana deni. Hakuna aliyewateua kuwa madaktari wa mtandaoni wa kuamua nani anaumwa na nani anaigiza. Kwa mbali, kwa kioo cha simu, haionekani. Mtu akimwita mgonjwa muongo, kosa hilo halifutiki kwa kufuta komenti. Akimwamini muongo, amepoteza nini? Neno "pole" tu, na pole haijawahi kumfilisi mtu. Lugha hii ina bahati ya kuwa na neno hilo. "Sorry" ya Kiingereza inabeba mizigo miwili, kuomba radhi na kutoa pole, mpaka wakati mwingine haieleweki mtu kakosa au kaguswa. Mswahili ana "samahani" kwa kosa lake na "pole" kwa maumivu ya mwenzake. Kulitumia ni bure.

Na kwa rafiki wa karibu, yule ambaye stetasi yake inasomwa na watu arobaini tu, pole peke yake haitoshi. Huyo anaulizwa. Tangu lini? Unalala? Unakula? Kuna nini hasa, umevurugwa, umetendwa, umefiwa, au hujui hata kilichokupata? Maswali hayo yanaulizwa inboksi au ana kwa ana, sio kwenye komenti. Majibu yakionyesha ni bando, mchekeni pamoja, mnunulie la mia tano, yaishe. Yakionyesha ni wiki ya tatu, anasindikizwa kituo cha afya, haachwi aende peke yake. Akisema anafikiria kujidhuru, hasubiriwi mpaka kesho na haachwi peke yake hata dakika moja, anatafutiwa mtu mzima na hospitali siku hiyo hiyo. Aliye mtoto ana namba 116, simu ya bure ya huduma kwa watoto.

Yote hayo yanaanza na neno kuwa na maana moja kwa anayelisema na kwa anayelisikia. Kijana wa Magomeni anayeandika "depressed" saa nane usiku hana meneja, hana ngoma inayotoka Jumatano, hana mafuta ya kutangaza Ijumaa. Ana neno hilo tu. Likiwa limechakaa kabla hajalitumia, hana lingine mkononi.